Mji Usiosalimia

Kinyozi alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari anayeutibu: hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia. Kwao haukuitwa ugonjwa, uliitwa adabu. Kibanda chake cha kunyolea kilikuwa jirani kabisa na nyumba yake, lakini asubuhi nzima ilimwishia njiani, maana lazima ajue huyu kaamkaje, mgongo wa yule umepoa, na yule mwingine mgeni wake kaondoka au bado anakula. Mteja mwenye haraka zake alimfuata nyumbani kwake na kumpitisha njia ya uani.

Sasa mchukue mtu kama huyo, mng'oe huko, umpande katika mji wa kigeni ambao watu wake hawatazamani usoni. Ndiyo yaliyompata. Mwanawe wa kwanza alihamia mji huo kikazi, akaoa, akapata binti, na mume na mke wote wakawa wanashinda kazini. Akawapigia wazazi simu: jamani, mtoto analelewa na watu baki na ana babu na bibi wazima! Kinyozi akamwachia mpwa wake kibanda, viti na mashine za kunyolea, akapanda ndege na mkewe. Na huyo mkewe ndiye mwenye nusu ya hadithi hii, kwa hiyo nipeni nafasi nimseme kidogo.

Mtaani kwao walimwita Redio. Si kwa ubaya. Mtu akisafiri, siku ya kurudi alipitia kwanza kwa Redio ndipo aende kwake, ili ajue anakwenda kukuta nini. Mwenye kutaka kuoa alianzia kwake. Alijua nani kamnunia nani, tangu lini, na mwenye makosa ni yupi. Na kilichowatisha watu si uongo. Huyo mama hakuwahi kusema uongo. Alichokisema kilikuwa kweli tupu, na dunia hii unajua mwenyewe, kweli ndiyo inayouma.

Basi wakafika. Nyumba ya mtoto wao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili na jiko ambalo wakiingia wawili, mmoja atatoka kinyumenyume. Milango yote ya majirani ilikuwa ya rangi moja na imefungwa. Ukipanda lifti na mtu, anakazia macho namba za ghorofa kama ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu. Redio alijaribu. Alijifunza kwa mkwe wake neno la salamu la lugha ya pale, akamvizia jirani wa mlango wa pili, akamsalimia. Jirani akaitikia, akatabasamu, akafunga mlango. Basi. Hakuuliza umetoka wapi, una watoto wangapi, wala huyo mwanao alimpatia wapi huyo mke.

"Sasa hawa wanaishije?" Redio akamwuliza mkwe wake. "Mtu akigombana na mumewe, jirani anajuaje?"

"Hajui, mama."

"Mungu wangu! Kumbe hapa mtu anaweza kuteseka kweli."

Siku za kazi hazikuwa mbaya, maana kulikuwa na mjukuu wa kubeba, kulisha na kufukuza chini ya meza. Shida ilikuwa mwisho wa juma. Mwana na mkwe walilala hadi jua limepanda, nyumba ikawa ndogo, na wazee wawili wakanong'onezana jikoni kama wezi. Jumamosi moja mkwe, mwanamke mwenye heshima zake, akasema, "Baba, si utoke kidogo unyooshe miguu? Asubuhi hizi mji huwa mzuri, umetulia."

"Niende wapi?"

"Popote tu, baba."

Hapo Kinyozi alipata taabu. Kwao mtu hatoki kwenda popote. Anakwenda dukani, anakwenda kumwona mgonjwa, anakwenda kwa rafiki yake. Ukimwona mtu anatembea na hana pa kwenda, ama yumo katika mapenzi ama anachungulia kuku wa watu. Hata hivyo alijiambia mwenda bure si mkaa bure, akavaa koti la mwanawe lililomfika karibu na vifundo, akatoka.

Kituo cha basi cha kwanza kilikuwa na watu wachache, kila mmoja kainamia simu yake. Kinyozi akasimama mbele yao, akavua kofia, na kwa lugha ya pale aliyoanza kuiokoteza, kwa sauti ile ile ya kibandani, akasema, "Habari za asubuhi, ndugu zangu!" Wote wakainua vichwa kwa pamoja. Mmoja akauliza kama basi limefutwa. Wa pili akasema yeye hana dini na hataki karatasi yoyote. Mama mmoja akakusanya mifuko yake akavuka kwenda kituo cha ng'ambo. Kinyozi alipoona amewaharibia watu asubuhi yao akaanza kuwaomba radhi mmoja mmoja, na hapo ndipo walipoingiwa na hofu hasa.

Aliporudi akasimulia. Redio akacheka mpaka akashika friji. Kisha akafuta macho, na Kinyozi akajua kicheko kimekwisha na kuna jambo linakuja.

"Baba watoto, mimi nimechoka. Mji ambao haukusalimii ukiwa umesimama, siku ukianguka nani atakuinua? Tikiti zetu za kurudi ni mwisho wa mwezi. Mwanao anataka tuzisogeze mbele. Yako sogeza. Mimi natumia yangu."

"Na mjukuu?"

"Nitamwona kwenye simu."

Kinyozi akamgeukia mtoto. Mjukuu alikuwa ameanza kumwita, kwa jina alilolitunga mwenyewe, na asubuhi hakutaka kuchukuliwa na mtu mwingine. Kumwacha huyo hakuweza. Lakini kuishi bila Redio? Tangu waoane hajawahi kukaa mbali naye hata juma moja. Alikuwa analalamika kila siku kwamba mwanamke huyu anaongea sana, na kila siku hiyo hiyo akitoka kazini alinyoosha njia moja kwa moja kwenda kumsikiliza.

"Watu wa hapa si wabaya," akasema. "Ni waoga. Wakikuzoea watakusalimia wenyewe."

"Thubutu!"

"Nakuambia."

"Haya." Redio akaweka mikono kiunoni. "Mtu mmoja. Katika mji mzima huu, mtu mmoja tu akuanze salamu yeye mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Akipatikana, nachana tikiti yangu hapa hapa nakaa. Asipopatikana, nakwenda zangu, na wewe utachagua kati ya mjukuu na mimi."

Mkwe, aliyekuwa anamlisha mtoto uji, akajikuta amefanywa refa bila kuulizwa. Masharti yakatolewa. Kinyozi asikohoe akimkaribia mtu. Asipunge mkono. Asijichekeshe. Asiangushe kofia makusudi ili iokotwe. Na asimtazame mtu kupita kiasi.

"Kiasi ni kipi?" Kinyozi akauliza.

"Kama unavyonitazama mimi ninapokueleza jambo."

Mkwe akageukia dirishani, mabega yakawa yanamtikisika.

Hivyo ndivyo mtu asiyeweza kunyamaza alivyoanza kutembea mji mzima kila Jumamosi na Jumapili asubuhi amefunga mdomo kama mwenye jino bovu. Hali ilikuwa mbaya. Salamu zilimpanda hadi kooni akazimeza, nyingine zikamtoka puani. Na siku ile ya kwanza, hakuwa amefika hata mtaa wa pili, akaja kijana kutoka mbele, uso unang'aa, akasema waziwazi, "Habari za asubuhi!"

Kinyozi nusura amkumbatie. Akamjibu kwamba yeye hajambo, mkewe hajambo ingawa goti linamsumbua, mjukuu anaota jino, na huko kwao mpwa wake anaendesha kibanda vizuri. Kijana akasimama akimsikiliza, macho yamemtoka, kisha akachomoa kitu kidogo sikioni na kuuliza kwa upole, "Samahani, unazungumza na mimi?"

"Alimwambia nani habari za asubuhi?" Redio akauliza baadaye.

"Alikuwa kwenye simu. Alisema 'Habari za asubuhi, mpenzi.'"

"Na wewe ni mpenzi wake?"

"Hapana."

"Refa?"

"Haihesabiki, baba," mkwe akasema, na alionekana kumwonea huruma.

Kesho yake mbwa mmoja mkubwa mwenye manyoya alimrukia, akamwekea miguu kifuani na kumlamba kidevu, na mwenye mbwa akasema samahani mara nyingi. Kinyozi akarudi mbio na hoja mbili. Redio akazikata zote. Mbwa hana sauti katika mambo ya watu, na samahani si salamu, ni woga wa kushtakiwa.

Lakini balaa kubwa lililetwa na kazi yake mwenyewe. Unajua mtu aliyenyoa maisha yake yote hamtazami mtu uso kwanza. Anatazama kisogo. Na katika mji ule, watu wakiwa hawakuelekei, visogo ndivyo vilivyokuwa vingi. Jumamosi moja mbele yake alitembea bwana mmoja mnene ambaye mstari wa nywele zake shingoni ulikuwa umekatwa mshazari, kushoto juu, kulia chini, kama aliyenyolewa ndani ya gari linalokata kona. Kinyozi akaumia. Wala hakukusudia, miguu ndiyo iliyomfuata yule bwana yenyewe, na macho yamenasa shingoni, mkono unachora hewani mstari ulivyotakiwa kupita. Bwana akageuka kidogo, akaona mzee mwenye koti hadi vifundoni anamkata shingo kwa kidole. Akaongeza mwendo. Kinyozi naye akaongeza, maana shingo ilikuwa inaondoka. Yule bwana akaanza kukimbia, akajitupa ndani ya duka la mashine za kufulia nguo, akajificha nyuma ya mwanamke aliyekuwa anakunja mashuka.

Kinyozi alipojiona kwenye kioo cha lile duka, kidole bado kiko juu, akakishusha taratibu akaondoka. Hilo hakulisimulia nyumbani. Kuna mambo Redio hapaswi kuyajua ikiwa unataka uzee wenye amani.

Sasa nikwambieni jambo ambalo Kinyozi mwenyewe lilimchukua muda kuligundua, na alipoligundua alilionea haya. Alianza kuyapenda yale matembezi. Si kwa ajili ya mashindano. Aliupenda ule ukimya.

Fikiria mwenyewe. Miaka yote alisimama nyuma ya vichwa vya watu vinavyozungumza. Kichwa kikikaa kwenye kiti cha kinyozi hufunguka mdomo. Alisikia mpira, alisikia siasa, alisikia ndoa za watu hadi mahali ambapo alitamani mashine ingurume zaidi. Kisha akarudi nyumbani, na huko redio iko hewani. Masikio yake hayakuwahi kupata likizo. Na sasa, Jumapili asubuhi, katika mitaa ya watu asiowajua, alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: viatu vyake mwenyewe. Mapazia yamefungwa. Baiskeli zimefungwa minyororo. Sufuria inagonga sinki mahali fulani juu. Harufu ya mkate inatoka kwenye duka lisilofunguliwa bado, na ndani mwanamke mwenye unga hadi viwikoni anapiga miayo. Mtaa mmoja ulikuwa na nyumba nyembamba zilizobanana, kila mlango na jozi ya mabuti ya mtoto nje. Mtaa mwingine ulikuwa na maghorofa, na balkoni moja ilikuwa na kiti kimoja, balkoni ya pili kiti kimoja, ya tatu viti viwili, akasimama akawafurahia wale wa viti viwili. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Alishangaa jinsi hilo linavyopumzisha.

Ikafika mahali akawa anajisaliti. Asubuhi moja aliona mtu anakuja kwa mbali, akavuka barabara ili asimkaribie, asije akamvunjia ukimya wake. Alipofika ng'ambo ndipo akakumbuka. Ala! Mke wangu anaondoka mimi nakwepa watu! Akarudi mbio upande wa kwanza, akihema, mikono imemning'inia, akajipanga mbele ya yule mtu asalimiwe. Yule mtu akavuka yeye.

Mwezi ukaisha hivyo. Sanduku la Redio likatolewa juu ya kabati likawekwa kwenye ujia, na kila aliyetoka chooni alijigonga nalo kidole cha mguu. Mwana alijaribu kumbembeleza mama yake akaambiwa hii si kesi ya watoto. Usiku wa Jumamosi ya mwisho alimsikia mkewe anakunja kanga moja, anaikunjua, anaikunja tena, na hakuna kilichotangazwa. Redio kimya! Hapo ndipo Kinyozi alipoogopa kweli. Alijua mwanamke huyu hafanyi mzaha, anaugua.

Jumapili ya mwisho Redio alivaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Kinyozi akauliza.

"Nakwenda na wewe. Mimi ni mwangalizi wa uchaguzi. Utakuja kuniambia umesalimiwa na sanamu."

Wakatoka. Kinyozi mbele, Redio nyuma, kwa utaratibu wa msafara. Ulikuwa ubaridi wa kuuma masikio. Akapita mkimbiaji, akatikisa kichwa.

"Umeona?" Kinyozi akageuka.

"Anasikiliza muziki. Tembea."

Akapita baba mwenye kigari cha mtoto, hakuna. Akapita mama wa mkate, amebeba trei, hakuna. Walipoingia mtaa wa matofali ya njano, Kinyozi alikuwa amekata tamaa. Alitamani kugeuka amwambie, mama watoto, acha masharti, mimi ndiye ninayekuomba, usiende. Neno likawa linatafuta mlango wa kutokea, na kabla halijaupata, dirisha la nyumba ya chini likafunguka kwa kishindo.

Ajuza mmoja, nywele nyeupe zimesimama, akatoa kichwa, akaweka mto kwenye kizingiti, akaweka viwiko juu ya mto. Hakumtazama Kinyozi. Akamnyooshea kidole Redio.

"Wewe mama! Wewe ndiye mkewe?"

Lugha ya mji ule Kinyozi aliiokoteza kwenye darasa la bure la maktaba. Redio aliiokoteza kwenye tamthilia za televisheni, kwa hiyo aliizungumza kama watu wa kwenye tamthilia.

"Kwani ni nani anayetaka kujua?" akasema, na kidevu juu.

"Mimi. Na yule wa ng'ambo, mwenye pazia la kijani. Huyu bwana wako anapita hapa kila mwisho wa juma, asubuhi, peke yake. Mimi nilisema ni mjane. Yeye anasema hapana, mkewe kamfukuza."

"Kamfukuza!"

"Anasema mwanamume asiyefukuzwa hawezi kuwa barabarani Jumapili saa hizi."

Kinyozi akafungua mdomo ajitetee. Wanawake wote wawili wakamtazama. Akaufunga.

"Na nini tena mnasema?" Redio akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kinyozi aliitambua mara moja. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu washuke kwenye ndege.

"Pale kona kuna duka la kinyozi," ajuza akasema, akishusha sauti, jambo ambalo halikusaidia kitu katika mtaa mkimya kama ule. "Jumapili halifunguliwi. Yeye anasimama pale, anaweka mikono kwenye kioo, anatazama viti. Muda mrefu. Tukasema labda anataka kunyolewa. Lakini mbona kichwa chake kimenyolewa vizuri?"

Hili la kioo sikuwaambia mapema kwa sababu Kinyozi hakumwambia mtu, hata mimi nilimgundua tu. Redio akageuka akamtazama mumewe. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni kazi yake," Redio akamwambia ajuza, polepole, bila tamthilia yoyote. "Kwetu alinyoa mtaa mzima. Watu walikuwa wanapanga foleni."

"Aha!" Ajuza akapiga mto kofi. "Mimi nilisema huyu ni mtu wa kazi ya mikono!"

"Hukusema!" Sauti ikatoka ng'ambo, na pazia la kijani likafunguka, akatokea mama mmoja mwembamba na kikombe mkononi. "Ulisema ni mkaguzi wa mitaro!"

"Hilo nilisema juma la kwanza tu!"

"Na mimi ndiye niliyesema ana mke!"

"Ulisema kafukuzwa!"

"Sasa mtu anafukuzwaje kama hana mke?"

Redio akasogea katikati ya barabara, mahali panapofaa kuwasikia wote wawili, na akaanza kusahihisha. Hakufukuzwa, akasema, ingawa sababu zilikuwepo. Akaeleza kuhusu mwana, mkwe, mjukuu, goti. Wao wakamlipa kwa haki: nyumba ya mabuti manne ya watoto, yule baba si baba yao wa kwanza. Mama wa mkate na dada yake hawasemezani, na wanauza katika duka moja. Na pale juu, ghorofa ya tatu, unapaona? Mkewe alikwenda zake mwaka jana na paka. Juzi kaandika. Anarudi Jumamosi, na paka. Lakini yule bwana sasa ana paka mwingine.

"Weee!" Redio akashika kifua. "Na huyo mwingine anajua?"

"Nani, mke?"

"Paka!"

Walicheka watatu, sauti zikapanda ukutani, na mtu fulani juu akafunga dirisha kwa hasira. Kinyozi alikuwa amesimama kando karibu na pipa la taka, mikono mifukoni, ubaridi umempanda hadi magotini. Alihama mguu mmoja hadi mwingine. Jua likatokea. Alifikiri mara mbili kwamba wamemaliza. Mwishowe ajuza akauchukua mto wake, akasema, "Jumapili ijayo njoo, nitakuambia ilikuwaje," akafunga dirisha. Kinyozi hakupewa hata kwaheri.

Wakarudi. Redio alitembea mbele sasa, kwa kasi, mitaa miwili mizima. Kisha akasimama.

"Kumbe wana umbea."

"Nani?"

"Watu hawa! Baba watoto, wana umbea! Tena wa hali ya juu. Wanauficha tu nyuma ya mapazia." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Na mimi nilidhani hawana moyo."

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Umeshinda nini? Nani kakusalimia?"

Kinyozi alifikiri. Ilikuwa kweli. Walimwita mjane, aliyefukuzwa, mkaguzi wa mitaro, na hakuna aliyemwambia hujambo. Nyumbani refa alisikiliza pande zote mbili, mtoto yuko mgongoni, akasema kwa masikitiko, "Umeshindwa, baba." Kinyozi akaenda kuketi kitandani. Redio akaingia, akaburuta sanduku ndani, akalifungua, akatoa kanga ya kwanza akaitundika kabatini.

"Unafanya nini?"

"Mshindi nani?"

"Wewe."

"Basi mshindi ndiye mwenye kauli. Nakaa." Akatundika ya pili. "Yule mke anarudi Jumamosi na paka. Unataka habari kama hiyo nisimuliwe kwa simu?"

Kinyozi alifurahi hadi akakosa pa kuiweka mikono yake. "Mama watoto, wewe si ulisema umeuchoka mji huu?"

Redio akakaa kando yake. "Nilikuwa sina mtu wa kumsema. Unaamka, unakula, unalala, na hakuna hata mtu mmoja wa kumsema. Hayo nayo ni maisha?"

"Si ungenisema mimi."

"Wewe nilishakusema ukaisha." Kisha akamgusa bega kwa bega. "Au nilidhani umeisha. Kumbe una mambo ya vioo huko, na mimi naambiwa na watu wa dirishani. Kesho duka lile linafunguliwa. Tunakwenda wote, ukawaulize kama wana kazi ya kumpa mzee."

"Lugha yangu je?"

"Nitasema mimi."

Jumapili iliyofuata Kinyozi aliamka mapema kuliko siku zote. Alimpenda mkewe, alishukuru kwamba yupo, na alitaka raundi moja tu, ndogo, ya kimya, kabla hajaamka. Akachukua viatu mkononi, akanyata kwenye ujia, akafungua mlango kidogo kidogo.

"Baba watoto, unakwenda wapi?"

"Popote," akasema.

"Peke yako?" Redio alikuwa amesimama jikoni, kashajifunga kitambaa, goti kashalipaka dawa. "Wakuone peke yako tena? Wataanza kusema tumeachana."

"Waseme. Hawatujui."

"Thubutu! Sasa tuna watu wa kutusema, bwana, usituvunjie heshima."

Kinyozi akaweka viatu chini. Akavivaa polepole, akasimama mlangoni akamngoja.